Maji Niliyoyameza

Siku tulipomzika dada yangu Wakesho kule Bura, kijana wa kanisa alisimama na karatasi akasoma kwamba marehemu ameacha mtoto mmoja, Mkamburi. Alisoma polepole, kwa heshima, wala hakukosea hata neno. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, miguu inaniwaka kwa sababu ya kupanda mlima. Wazee wawili watatu waliobaki wa rika letu waligeuza shingo wakanitazama, kisha wakaangalia chini. Mkamburi alikuwa amesimama karibu na jeneza, mwanamke wa miaka sitini na ushei, mwalimu mstaafu, ana mvi kunishinda. Mkamburi nilimzaa mimi. Baadaye aliniletea sahani ya kimanga, ile mihogo na maharagwe ya kupondwa ambayo kwetu haikosekani penye watu wengi, akasema, "Mama mdogo, kula kidogo, safari ya kurudi Voi bado iko." Nikala. Ukifika umri wangu huulizwi kama una njaa, unalishwa tu.

Watu wa Voi hunisifu kwa ajili ya hoteli. Wakinikuta sokoni huwaambia watoto wao, huyu nyanya mnayemwona alianza na sufuria mbili, akasomesha watoto wa watu, akajenga. Hawasemi uongo. Mtu akiniuliza biashara ile ilinigharimu nini, humjibu kwa mzaha, "Magoti yangu," naye hucheka akaenda zake. Magoti kweli yamekwisha. Lakini gharama yenyewe niliitoa ndani ya mwaka mmoja, katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa na miaka ishirini hivi, hata kabla hatujapata chumba cha pili. Miaka yote iliyofuata nilikuwa napika chai tu.

Mume wangu Mwadime alikuwa mtu wa reli. Siku moja alirudi nyumbani, akatundika kofia, akasema, "Mshai, nimechoka kupigiwa filimbi. Nataka na mimi nifungue mlango wangu nikitaka, niufunge nikitaka." Maskini Mwadime! Tangu siku ile mpaka anaingia kaburini sikumbuki hata siku moja tuliyofunga kwa kutaka. Tulipata chumba cha mabati nyuma ya stesheni, hakina dari, na joto la Voi mnalijua, ikifika saa nane mchana unaweza kuyasikia yale mabati yakialika juu ya kichwa. Mbele tuliweka meza tatu na mabenchi. Katikati tulitundika pazia la magunia, na nyuma ya pazia palikuwa jiko, magunia ya unga, madebe ya maji na kitanda chetu. Alfajiri watu wa treni waliingia wakinuka mafuta na moshi, wakaniagiza chai ya tangawizi na mandazi, wakasimuliana habari za tembo waliosimama relini na mabosi waliokuja na hasira. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nawasikia tu. Nilijua sauti zao kabla ya kujua nyuso zao. Na Mkamburi, miezi saba, alikuwa amelala chini ya meza ya mandazi ndani ya sanduku la sukari nililolitandika kanga.

Hoteli ilitaka laiseni, na laiseni ilitaka bwana afya aje kukagua. Alikuja mchana, mtu mwembamba mwenye kaptula iliyopigwa pasi kali. Akaonja maji, akapitisha kidole juu ya meza, akafunua sufuria. Kisha akainama chini ya meza, akaona kitambaa cheupe juu ya sanduku, akakivuta akidhani ni mandazi. Mkamburi akamtolea macho.

"Na haya ni mandazi ya aina gani?" akauliza.

Mwadime akacheka. Mimi nikacheka. Bwana afya hakucheka. "Mama, hapa panauzwa chakula. Mtoto hakai jikoni, halali jikoni, nepi zake hazianikwi jikoni. Nikija tena nimkute, nafunga."

"Hatuna chumba kingine, bwana."

"Basi tafuteni. Au chagueni."

Alisema hilo neno kwa upole, akiwa anaandika, hakuniangalia hata kidogo. Sikumchukia. Nimetafuta kwa miaka mingi namna ya kumchukia bwana afya yule, kwa maana ingenisaidia sana, lakini wapi. Alikuwa anafanya kazi yake, na kusema kweli nepi zilikuwa juu ya kamba pale pale juu ya chai.

Wiki iliyofuata nilipanda treni ya Taveta na mtoto mgongoni, nikashuka stesheni ya Bura. Wakesho alikuwa ananingoja, amekuja na kanga mpya ya kumbebea. Alikuwa na miaka sita ya ndoa na hajapata mtoto. Mume wake alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya katani, anarudi mwisho wa mwezi, na nyumbani alibaki na mama mkwe wake peke yao. Tulipanda mlima tukiongea habari za mvua na kabichi. Nyumbani kwake palikuwa na baridi tamu, moshi wa kuni, ndizi zikichemka, na dirisha dogo ambalo ukichungulia unaona bonde lote mpaka nyikani kule Voi kulikokuwa na jiko langu. "Miezi mitatu tu, dada," nikamwambia. "Tukipata chumba namchukua." Akasema, "Mimi sikuhesabii miezi. Wewe kapike." Usiku nilimnyonyesha Mkamburi, na upande wa pili wa ukuta nikamsikia yule mama mkwe akisema kwa sauti ya chini, "Mungu ana njia zake. Nyumba hii sasa italia mtoto." Wakesho hakumjibu. Ningependa angemjibu. Nilikaa pale gizani, mtoto kifuani, na hasira ikaniingia ndogo tu, mithili ya mwiba wa kidoleni ambao unasema utautoa kesho.

Maziwa yangu yalichukua karibu wiki mbili kukauka. Nilikuwa nakanda unga huku gauni limelowa mbele, na wateja wakiita kutoka upande wa pili wa pazia, "Mama Mkamburi, chai mbili! Mama Mkamburi, chumvi iko wapi?" Voi nzima iliniita Mama Mkamburi. Jina lile liliitwa mara mia kwa siku, na kila likiitwa niliitikia.

Wakesho alikuwa hajui kuandika, mimi pia kusoma kwangu kulikuwa kwa kubahatisha. Kila wiki alinitumia kikapu kwa treni, kabichi, nyanya, vitunguu, mboga za shambani kwake ambazo zilifanya supu yetu isifiwe mpaka Mombasa. Gadi wa treni ile, mzee mmoja mpole, ndiye aliyekishusha mwenyewe na kuniletea mlangoni. Na ndani ya kikapu, mwezi ukiisha, kulikuwa na uzi wa katani uliokatwa vizuri. Mara ya kwanza sikuelewa. Gadi akaniambia, "Dada yako anasema huo ni urefu wa mtoto. Amemlaza chini akampima kichwa mpaka kisigino." Weh! Nililia mpaka supu ikaungua. Nikaupigia msumari ukutani karibu na jiko, nikautundika. Mwezi wa pili ukaja mwingine, mrefu kidogo. Mwezi wa tatu mwingine. Asubuhi kabla ya kuwasha moto nilizipitisha mkononi, nikawa naona pale alipofika. Mwadime naye alikuwa akizishika akidhani simwoni.

Miezi mitatu ikapita, chumba hatujapata. Treni ya Taveta ilikuwa na siku zake, na siku zake ndizo zilizokuwa siku zetu za watu wengi. "Wiki ijayo," nilimwambia gadi. "Mwambie wiki ijayo." Mwezi wa nne, uzi mwingine umeshafika, dereva aliyekuwa akielekea Taveta aliingia mbio mbio, treni inapiga honi, akataka mandazi kumi ya kula njiani akifika Salaita. Nikayafunga kwenye gazeti, nikatafuta kamba, mkono ukaenda msumarini wenyewe, nikavuta, nikafunga fundo, nikampa. Treni ilikuwa imeshaondoka ndipo nilipogeuka nikaona msumari una nyuzi tatu badala ya nne. Nilikuwa nimemfungia mtu mandazi kwa urefu wa mwanangu. Nilikaa chini kwenye debe. Mwadime akauliza kuna nini, nikamwambia mvuke umenichoma. Sikuweza kulitamka lile jambo, hata kwake. Halafu mteja akaita, nikaenda.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya. Maji yakazoa tuta la reli kuu nje kidogo ya mji, na watu wa kutengeneza wakaletwa, kundi kubwa, wakalala kwenye mabehewa pale stesheni. Msimamizi wao alikuja kwetu akasema watakula kwetu asubuhi na jioni mpaka kazi iishe, mradi tusiwakoseshe hata siku moja, tukiwakosesha mara moja anahama. Mwadime alinishika mabega. "Hiki ndicho chumba cha pili, Mama Mkamburi. Hiki ndicho kinachomrudisha mtoto." Na ni kweli, ndicho kilichotupa chumba cha pili.

Siku ya tatu ya kazi ile gadi akaja bila kikapu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Mtoto anaumwa," akasema. "Kifaduro. Anakohoa mpaka anakuwa wa bluu. Dada yako anasema njoo utase."

Asiyekuwa wa kwetu nitamweleza. Mtoto akiugua, wazee wetu walikuwa hawatazami mwili tu, waliuliza ni nani katika damu yake ana hasira moyoni aliyoificha. Hasira ya ndugu, hata asiposema neno, inamfikia mtoto. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira anajaza maji mdomoni, au pombe ya miwa, anayapuliza nje mbele ya watu, na anasema wazi alichokuwa amekishika, na kwamba sasa kimetoka. Si lazima uwe umeroga, wala hulaumiwi. Lakini lazima ukitaje. Kanisani walitukataza, nasi tulikubali kanisani, na tukirudi nyumbani mtoto akikohoa tuliteka maji. Ndivyo tulivyokuwa.

Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, ugali wa watu wote wale uko motoni. Mwadime alinitazama, hakusema nenda, hakusema baki. Ningekuwa na haki ya kumlaumu kama angesema baki. Nikamwambia gadi, "Mwambie dada mimi sina hasira na mtu. Nitakuja Jumamosi." Nikampa chupa ya dawa ya kifua na kopo la maziwa. Gadi akavipokea, akavitazama, akasema, "Haya, mama." Nikarudi kusonga ugali. Kwamba sina hasira na mtu! Nilikuwa na hasira na dada yangu kwa sababu alikuwa anamsikia mwanangu akikohoa na mimi nasikia vijiko.

Jumamosi sikwenda. Nilikwenda siku ya kumi, tuta lilipokwisha kutengenezwa. Nilipanda mlima ule nikiomba, na nilipofika nikamkuta Mkamburi amepona, amekonda, amejifunza kutembea. Alikuwa amesimama ameshika kanga ya Wakesho. Nikapiga magoti nikanyoosha mikono, "Mkamburi, njoo kwa mama." Akanitazama kama anavyotazamwa muuza nguo. Kisha akajificha nyuma ya kanga, akasema, "Mama," lakini hakuwa ananiambia mimi.

"Nani alitasa?" nikamwuliza Wakesho.

"Mimi."

"Kwa nafasi ya nani?"

Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha. "Waliuliza mama wa mtoto yuko wapi. Mtoto alikuwa anakata pumzi, Mshai. Nikasema ni mimi. Nikachukua maji." Halafu akasema, "Nilikungoja siku nne. Nilikuwa nikisikia treni nashuka mpaka njia panda."

Nikasema namchukua mtoto leo leo. Wakesho hakubisha. Alimfungia nguo zake, akampakia ndizi za kuchemsha, akatusindikiza. Njia nzima mpaka stesheni Mkamburi alilia mgongoni mwangu, ananisukuma kwa ngumi, kikohozi kikaanza kurudi. Nikawa nafikiri, nimpeleke wapi? Chumba cha pili bado hakijaezekwa. Kitanda kiko nyuma ya pazia. Kesho alfajiri nina unga wa kukanda. Treni ya Voi ikafika, ikasimama, na gadi yule yule akafungua mlango akanyoosha mkono kumpokea mtoto. Nikamfungua mgongoni. Nikageuka, nikampa Wakesho. "Mshike kidogo," nikasema. Nikapanda peke yangu. Wakesho alibaki pale amemshika, mdomo wazi, na Mkamburi akanyamaza pale pale. Hilo la kunyamaza ndilo nililoondoka nalo.

Sikunyang'anywa. Nataka liandikwe hivyo. Nilimpa kwa mikono yangu. Nilipofika Voi nilimwambia Mwadime kwamba Wakesho amekataa kumtoa, kisha nikawaambia watu kwamba bwana afya amekataza, na kila mtu akachukua alilolipenda. Wakesho alisikia yote mawili. Hakunikanusha hata mara moja, maisha yake yote. Kabla mwaka haujaisha chumba cha pili kilikuwa tayari, kina saruji na dirisha. Tuliweka magunia ya sukari. Mwadime alisema ni kwa muda tu. Nyuzi za katani hazikuja tena, na mimi sikuwahi kuuliza. Sikujaliwa mtoto mwingine. Nikawa Mama mdogo, yule wa Voi, anayeleta sare za shule na mikate mwezi wa Disemba.

Mwaka huu, wiki moja kabla hajafa, Wakesho alimtuma Mkamburi anifuate na gari. Nilimkuta amelala karibu na lile lile dirisha dogo, mwili umebaki mifupa, lakini akili yake wembe. "Mshai," akasema, "tutase. Sitaki kwenda na uchafu." Mkamburi akaleta kikombe cha maji na beseni, akapiga magoti katikati yetu. Wakesho akaanza. Alikuwa hana nguvu ya kupuliza, maji yalimtiririka kidevuni. Akasema, "Kama nilikukasirikia kwa zile siku nne nilizoshuka njia panda, imetoka. Kama nilifurahi hukuja, hiyo pia imetoka." Nikashtuka. Miaka yote ile sikujua kwamba alifurahi, na kwamba furaha ile ilimtesa.

Akanipa kikombe. Nikajaza mdomo. Mkamburi alikuwa ameinua beseni, ananitazama kwa yale macho ya kwenye sanduku la sukari. Nilijua kinachotakiwa kutajwa. Nikaona stesheni, nikaona mikono yangu. Nikameza.

Wakesho akanitazama, kisha akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Umemeza."

"Nilikuwa na kiu."

"Hoteli yote ile, Mshai, na bado una kiu?" Akafumba macho. Siku ya sita akafa.

Jumapili iliyopita, mwezi mmoja baada ya mazishi, Mkamburi alikuja kunitazama hapa Voi. Alikaa jikoni kwangu, akavua viatu. Nikateka maji kwenye kikombe, nikakishika kwa mikono miwili, nikamwambia, "Mama yako hakukataa kukutoa. Bwana afya hakujua hata jina lako. Nilikuwa nimekubeba, treni ipo, mlango uko wazi, na nikakurudisha kwa sababu ulikuwa unalia na mimi nilikuwa na unga wa kukanda. Hasira yangu nilimwekea dada yangu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe."

Hakushangaa. Aliitazama miguu yake. "Najua, Mama mdogo," akasema. "Mama aliniambia siku nilipopata barua ya kwenda chuo cha ualimu. Akaniambia nisikuulize. Alisema utasema mwenyewe ukipata nafasi."

Ukipata nafasi! Nami kwa gadi nilikuwa nikisema wiki ijayo. Nikajaza maji mdomoni, nikafungua mlango wa nyuma unaoelekea milima ya Bura, nikapuliza. Mengi yalinirudia kifuani, gauni likalowa mbele. Nilisimama pale nimeshikilia fremu ya mlango mpaka pumzi iliporudi.

"Mama mdogo," Mkamburi akaniita kutoka ndani. "Chai ipo?"

Nikarudi jikoni nikawasha moto.